Dhiraa Arobaini

Kwetu Magomeni, hapa Bagamoyo, tulikuwa na Marekani yetu.
Majirani walijivunia Shirazi, wengine Hadhramauti;
sisi tulisema babu alishuka melini,
ana kofia ya majani na saa ya mnyororo,
akaonja maji ya kisima cha Dunda, akaoa.
Ndiyo sababu tunaitwa akina Merikani.
Ndiyo sababu, alisema Shangazi Tunu, pua yako haikulala.

Pua yangu imelala.
Nimeitazama miaka arobaini na mbili
katika kioo cha duka la baba.

Baba alikuwa fundi cherehani.
Hadithi ile hakuisimulia, wala hakuikana;
ukimuuliza, anabana pini midomoni.
Alipofariki aliniachia mkasi, utepe wa kupimia,
deni la vifungo,
na swali.

Nikaanza makaburini. Jiwe moja, *Farijala*,
kisha chokaa imebanduka.
Nikaenda masjala. Bi Stumai, karani, akasema njoo Alhamisi.
Alhamisi akasema ufunguo uko Kibaha.
Alhamisi ya tatu akafungua sanduku,
likatoka vumbi, mavi ya panya,
na daftari la duka lililoletwa mahakamani
katika kesi ya mirathi ya watu wengine.

Khati ya Kiarabu, Kiswahili chetu.
Herufi zile zile nilizochapiwa chuoni.
Nikazifuata kwa kidole, pole pole, kama mtoto:

*Farijala. Mtoto. Kutoka bara.
Merikani, dhiraa arobaini.*

Nikatafuta meli. Nikatafuta kofia.
Nikageuza ukurasa: pembe, sandarusi, deni la fulani.
Nikarudi.
Alikuwa bado pale,
baina ya frasila mbili za nta na punda kilema.

Mimi binti wa fundi, mimi ninayeijua merikani
kwa kuinusa tu, kabla haijafuliwa,
ilinichukua muda gani kuelewa?
Bi Stumai alishamaliza chai yake.

Basi meli ilikuwepo, shangazi. Hukusema uongo wote.
Ilitoka Marekani kweli, ikatia nanga kweli.
Kilichoshuka ni kitambaa.

Usiku nikapima.
Dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.
Nikapiga magoti kizingitini, nikaulaza mkono sakafuni:
moja, mbili, ukumbini, tisa,
mlango wa chumba alichofia baba, kumi na nne,
uani, mtungi, kuku wakashtuka,
ishirini na sita, ukuta.
Nikageuka. Nilikuwa na kumi na nne bado.

Mzazi hutoka ndani siku ya arobaini.
Maiti husomewa arobaini yake.
Siku za mwizi ni arobaini, tuliambiwa;
za aliyeibwa ni ngapi, hakuna aliyesema.

Daftari halisemi umri wake.
Halisemi mama yake alikuwa akitwanga nini siku ile.
Halisemi nani alimwita kwanza kwa jina la bei,
wala kama aliitika.

Nikamweleza shangazi. Alikuwa akichambua mchele.
Hakuinua uso.
"Najua," akasema. "Mama alinambia nilipovunja ungo.
Lakini wewe ulikuwa mtoto wa kulia usiku.
Ningekubembeleza kwa bei?
Nikakupa meli."
Akatupa jiwe dogo nje ya ungo.
"Na saa ya mnyororo niliiongeza mimi."

Tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka hadi mchele ukamwagika.

Juma lililofuata akaja dukani na kitambaa kikavu, kipya,
chenye wanja wa kiwandani pembeni.
"Cha sanda yangu. Nipime, kisije kikapungua."
Akasimama wima katikati ya duka, mikono kando,
kama bi harusi.

Nikamzungushia utepe wa baba.
Nikasoma sentimita, nikaandika sentimita.
Mkono wangu wa kushoto,
kiwiko hadi kidole cha kati,
niliuficha nyuma ya mgongo.